Ufundi Uliokauka

Mwanadamu hucheza kabla hajajua kuandika. Mashimo ya bao huchimbwa ardhini na watu wasiojua herufi hata moja, na mtoto asiye na chochote mkononi hufanya kijiti kuwa farasi na kifuu kuwa chungu. Pamoja na hayo sisi wasomi tumekuwa wavivu wa kuwatazama wale ambao kazi yao ni kutunga michezo. Tunazo historia za wafalme, za manahodha, za washairi na za wamisionari. Historia ya mtunga michezo tumewaachia watoto waisimulie, nao watoto wana haraka ya kurudi mchezoni. Nakusudia katika kurasa hizi kusema habari za karakana moja ya watu wa namna hiyo, iliyokuwa ndani ya kampuni ya Nintendo katika mji wa Kyoto, Japani. Jina lake rasmi lilikuwa Idara ya Kwanza ya Utafiti na Maendeleo. Ni jina kavu kama kuni, wala halidokezi furaha iliyotoka humo.

Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa Kiswahili ana nini na michezo ya umeme. Niliingia katika habari hizi kwa mlango wa neno. Miaka michache iliyopita rafiki yangu, Mjapani aliyesomea Kiswahili Osaka, naye hukisema kwa ufasaha wa kututia haya baadhi yetu tuliozaliwa nacho, aliniletea msemo mmoja wa Gunpei Yokoi, mtu aliyeiongoza karakana hiyo kwa miaka mingi. Kwa Kijapani husemwa kareta gijutsu no suihei shikō. Waingereza wameufasiri kana kwamba wasema juu ya ufundi ulionyauka, na tafsiri hiyo haikumridhisha rafiki yangu. “Mwalimu,” aliniambia, “ua likinyauka hutupwa. Hili halitupwi.” Akanieleza kwamba kitenzi kareru husemwa juu ya mti ukaukao, lakini husemwa pia juu ya msanii ambaye ustadi wake umekomaa hata mbwembwe zikamtoka.

Ndipo nikawakumbuka maseremala. Seremala ajuaye kazi hafanyi mlango kwa mti uliokatwa jana. Mbao mbichi hupinda, hupasuka, na viungo vyake huachana. Kwa hiyo huziweka kivulini miezi mingi zikauke, zimalize ukaidi wake wote, ndipo azitie randa. Ubao mkavu haupendezi machoni kuliko mbichi, lakini mlango wake hufunga. Tukaafikiana, mimi na rafiki yangu, kuandika ufundi uliokauka: ufundi ambao umekwisha kupinda kote ulikotaka kupinda, ambao kasoro zake zajulikana na bei yake imeshuka. Sehemu ya pili ya msemo, ile ya fikra za mlalo, haikutusumbua sana. Maana yake ni kukitwaa kitu mahali kilipozoeleka na kukipeleka kando, mahali ambapo hapana aliyekitazamia. Tangu siku ile sikuweza tena kuuacha msemo huo mpaka nijue ulikotoka.

Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutengeneza karata za maua ziitwazo hanafuda. Mwaka 1949 usukani ulishikwa na kitukuu chake, Hiroshi Yamauchi, kijana aliyekuwa bado katika umri wa mwanafunzi. Alikuwa mtu mkali, mwepesi wa kuamua, na katika miaka ya 1960 aliiona biashara ya karata ikizidi kuwa nyembamba. Yokoi, mzaliwa wa Kyoto wa mwaka 1941 aliyesomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, aliajiriwa mwaka 1965. Kazi aliyopewa haikuwa ya kubuni kitu. Alipewa kutunza mitambo ya kutengenezea karata, na mitambo hiyo, kwa kuwa ilikuwa imara, ilimwachia wakati mwingi mtupu. Katika wakati huo mtupu alijichongea mkono wa kuchezea: vijiti vilivyopishana kama mkasi, ukibana huku, vidole vinanyooka kule na kushika kitu kilicho mbali. Mkuu wa kampuni akapita kiwandani, akamwona. Yokoi alipoitwa ofisini alitazamia karipio. Alichopewa ni amri ya kukigeuza kile kichekesho kuwa bidhaa. Mwaka 1966 kiliuzwa kwa jina la Ultra Hand, na vikauzwa vipande zaidi ya milioni moja.

Napenda kulikazia jambo hili kidogo. Karakana ambayo baadaye ilibadilisha utoto wa mamilioni ya watu haikuanza kwa mpango wala kwa bajeti. Ilianza kwa fundi mwenye nafasi na mkubwa aliyejua kutofautisha uvivu na ubunifu. Watu wa namna ya Yokoi si adimu. Nimewaona gereji, nimewaona bandarini, nimewaona hata katika ofisi zetu za chuo wakiunga nyaya za mashine ya chai. Adimu ni mkubwa wa namna ile apitaye kiwandani na kuona.

Baada ya mkono ule ulifuata mlolongo wa vitu vya kuchezea. Mwaka 1969 ilitoka Love Tester, mashine ya kupimia mapenzi: mwanamume na mwanamke hushikana mikono, na kwa mikono mingine kila mmoja hushika ncha ya waya, umeme mdogo ukapita katika miili yao, na mshale ukaonyesha kiasi cha mapenzi. Kilichopimwa, bila shaka, ni wepesi wa ngozi kupitisha umeme, na mwenye viganja vya jasho alihesabiwa kuwa mpenzi mkuu. Yokoi mwenyewe hakuficha kwamba alitaka sababu ya kuwashika wasichana mikono. Mwaka uliofuata ilikuja bunduki ya mwanga. Masayuki Uemura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sharp, alikuwa akitafuta mahali pa kuuzia vipande vya kuhisi mwanga wa jua, na wote wawili wakaona kwamba kipande hicho kikiwekwa katika shabaha na taa ikatiwa katika bunduki, hapo pana mchezo. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukusanya nguvu za jua kikageuzwa chupa ya kuangushwa na risasi isiyokuwapo. Hizo ndizo fikra za mlalo kabla hazijapewa jina. Uemura naye akahamia Nintendo.

Mambo hayakunyooka daima. Mwaka 1973 kampuni iligeuza viwanja vya mpira wa vigingi kuwa viwanja vya kulenga shabaha kwa mwanga. Mwaka huo huo bei ya mafuta ikapanda ulimwenguni, wateja wakafuta maagizo yao, na Nintendo ikabaki na deni kubwa. Nalitaja hili kwa haraka kwa sababu moja tu: waliotoka katika deni lile walijifunza kuogopa vitu vya gharama, na hofu hiyo ilikuwa mwalimu mwema.

Kampuni ilipozidi kukua, mwishoni mwa miaka ya 1970, kazi ya ubunifu iligawanywa katika idara zilizoshindana kama mitaa miwili katika ngoma. Yokoi alipewa ya kwanza, Uemura ya pili, na Genyo Takeda baadaye akaongoza ya tatu. Ni katika kipindi hicho Yokoi, akisafiri katika treni ya mwendo wa kasi, alimwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akibonyeza kikokotoo ovyo, asihesabu chochote, akijipotezea muda tu. Abiria wengine walimwona mtu mwenye uchovu. Yokoi aliona kwamba mtu mzima ana haja ya kucheza, na kwamba huona haya kuonekana akicheza. Kifaa anachokitaka basi kiwe kidogo, kikae katikati ya viganja viwili, mikono ikae mapajani, na wa jirani wasijue.

Wakati huo makampuni ya vikokotoo yalikuwa yameshindana mpaka bei ya vile vioo vyembamba vya tarakimu ikaanguka. Vioo vilikuwako tele, chipu zilikuwako tele, na kila mmoja aliamini kwamba habari ya vikokotoo imekwisha. Yokoi akavichukua. Inasimuliwa kwamba dereva wa mkuu wa kampuni aliugua siku moja, naye Yokoi akaendesha gari mahali pake, na njiani akataja wazo lake kwa ajili ya kuvunja kimya. Mkuu alionekana kutojali, na siku chache baadaye wakubwa wa Sharp wakafika kuzungumza. Mwaka 1980 ulitoka mfululizo wa Game & Watch, mchezo na saa katika kifaa kimoja. Mpaka mfululizo huo ulipokoma, vifaa zaidi ya milioni 43 vilikuwa vimeuzwa. Kioo kile hakikuweza kuchora kitu kisichokwisha kuchorwa: kila umbo lilikuwa limewekwa mahali pake kiwandani, nalo liliwaka au lilizimika, basi. Mtu anayerusha mipira hakusogeza mkono. Mkono mmoja ulizimika na mwingine ukawaka. Macho ya mchezaji ndiyo yaliyousogeza.

Katika mfululizo huo, mwaka 1982, kilizaliwa kitu ambacho wengi wetu tumekishika bila kujua mzazi wake. Kifaa cha mchezo wa Donkey Kong kilikuwa na vioo viwili na kilikunjwa kama kitabu. Kijiti cha kuelekezea, kilichozoeleka katika mashine kubwa za vilabuni, kingezuia kukunjwa. Yokoi akakifuta kijiti na kuweka kitufe cha msalaba, kilicholala, kinachoinama kidogo upande kinakobonyezwa, hata kidole gumba kikajua kiliko bila msaada wa jicho. Mwaka uliofuata msalaba huo uliwekwa katika mtambo wa nyumbani wa Famicom, uliobuniwa na idara ya Uemura, na tangu hapo umekaa katika vishikio vya karibu kila kampuni.

Donkey Kong yenyewe, mwaka 1981, ilitungwa chini ya uangalizi wa Yokoi na kijana msanii aitwaye Shigeru Miyamoto, kwa ajili ya kuokoa mashine zipatazo 2,000 za mchezo mwingine zilizokuwa zimekosa wanunuzi Marekani. Habari za Miyamoto zimeandikwa mno, nami sina haja ya kuongeza. Alipata idara yake, idara ikakua, na kivuli chake kikawafunika wengine wote. Lakini msomaji akumbuke kwamba mwalimu wake wa kwanza katika kazi hii alikuwa yule mtunzaji wa mitambo ya karata.

Walipotaka kutunga michezo ya Famicom wenyewe, watu wa Idara ya Kwanza walitunga kwa tabia yao. Mwaka 1986 walitoa Metroid. Mahali ambapo michezo ya wenzao ilijaa jua na mawingu na nyimbo za kuchekesha, wao walimshusha mchezaji katika mapango ya sayari tupu, peke yake, bila ramani. Mwanamuziki wao, Hirokazu Tanaka, aliona michezo ya siku zile imejaa vinubi vya kufurahisha, akaamua kwamba sauti za viumbe na sauti za muziki zisitenganike, mchezaji asijue kama alichosikia ni wimbo au ni kitu kinachopumua gizani. Tuni kamili akaiweka mwisho kabisa, baada ya ushindi. Na mwishoni hapo, kwa mchezaji aliyemaliza kwa wepesi, yule askari aliyevaa chuma toka mwanzo alivua kofia yake, akaonekana kuwa ni mwanamke. Jina lake ni Samus Aran. Kitendawili hicho kilitegwa kwa muda wa mchezo mzima, na jibu lake halikutolewa kwa mvivu.

Sasa nifike kwenye kifaa chenyewe. Mwaka 1989, tarehe 21 Aprili, Nintendo ilianza kuuza Game Boy nchini Japani. Kilikuwa cha rangi ya kijivu, kizito kidogo, chenye kioo kidogo cha rangi ya majani makavu ambacho kilijua vivuli vinne tu kutoka mwangaza hadi giza, wala hakikuwa na taa ndani. Chipu yake ilikuwa ya ukoo wa chipu za miaka ya 1970. Mwaka huo huo Atari walitoa kifaa chenye rangi, na mwaka uliofuata Sega wakatoa chao, nacho chenye rangi na taa. Kwa kila kipimo ambacho wauzaji hupenda kukiandika katika matangazo, kifaa cha Idara ya Kwanza kilikuwa cha mwisho. Yasemwa kwamba mmoja wa watu wa Yokoi alimwendea na wasiwasi kuhusu kifaa kipya cha washindani, naye akauliza jambo moja tu, kama kina rangi. Alipoambiwa ndiyo, akatulia. Alijua bei ya rangi. Kifaa cha Sega kilikula betri sita kwa saa chache. Kile cha kijivu kiliridhika na nne, kikaenda nazo safari nzima.

Yokoi alikuwa na mfano wake wa kuelezea jambo hili. Chora duara mbili ubaoni kwa chaki, alikuwa akisema, uwaambie watu kwamba huyo ni mtu wa theluji. Kila mmoja atauona weupe wa theluji. Sisi tusio na theluji twaweza kuutafuta mfano wetu karibu zaidi. Mshairi aliyefungwa na mizani na vina haoni haya kwa kukosa maneno yasiyoingia katika mshororo. Hupunguza, husafisha, na kile kisichosemwa humwachia msikilizaji akikamilishe. Nimefundisha ushairi kwa miaka mingi, na ningependa kuwa na ushahidi ulio wazi kama ule wa vivuli vinne kwamba uchache wa vifaa, ukijulikana vema, hufanya kazi ambayo wingi hauwezi. Maneno “ukijulikana vema” nayatia mkazo.

Wala nisimfanye Yokoi kuwa peke yake. Satoru Okada, mhandisi wa siku nyingi katika karakana, amesimulia kwamba Yokoi alikifikiria kifaa kile kama ndugu mkubwa wa Game & Watch, kitu cha kuchezea cha bei ndogo na maisha mafupi; Okada na wenziwe walishindana naye kwa maneno makali, wakataka mtambo wa kudumu, wenye michezo ya kubadilishwa kwa kaseti, ambao watu wa nje nao wangeweza kuutungia. Walishinda. Kwangu mimi kushindwa huko kwa Yokoi ni sifa ya karakana yake kuliko ushindi wake wowote. Humo mwanafunzi aliweza kumwambia mwalimu kwamba amekosea, na kazi ikaendelea. Pamoja na hayo waliweka waya wa kuunganisha vifaa viwili, ambao kwa miaka kadhaa haukuwa na kazi kubwa. Mtungaji wa nje, Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu, aliutazama waya huo akawaza viumbe wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtu kwenda kwa mwenzake. Ndiyo asili ya Pokémon, iliyotoka mwaka 1996. Hesabu ya mwisho ya Game Boy, pamoja na mdogo wake wa rangi wa mwaka 1998, ilipita milioni 118.

Nilinunua kimoja katika mnada wa vitu vikuukuu Ulaya, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu, kwa bei ya chakula cha mchana. Plastiki ilikuwa imegeuka njano. Nikatia betri, kikawaka. Sina la kusimulia zaidi kuhusu hicho, ila kwamba kompyuta mbili nilizotumia kuandikia tasnifu ile zilikwisha kufa zamani, na kile bado chawaka.

Lipo jambo jingine ambalo hunirudia kila nionapo maneno haya, ufundi uliokauka. Katika chuo kimoja nilichofundisha zamani palikuwa na chumba kidogo cha kanda za sauti: tenzi, hadithi, na mazungumzo ya wazee, wengi wao marehemu. Mlezi wa chumba alikuwa fundi mtu mzima, tuliyemwita Mzee kwa heshima na kwa haki, ambaye aliendesha mashine tatu za kanda kwa vipuri alivyovitoa katika ya nne iliyokufa. Alikuwa akinakili kanda moja baada ya nyingine, polepole, katika kompyuta ya kawaida. Ikaja kamati. Kamati ikaona haya kwa ajili ya mashine zile. Ikaamua kazi isimame mpaka mtambo mpya uletwe kutoka ng’ambo, wenye kufanya kila kitu kwa mara moja. “Mwalimu,” Mzee aliniambia siku ya kufunga, “mashine hizi nazijua mpaka kikohozi chake. Huo mtambo wao sijui unakohoa vipi.” Tuliandika barua, mimi na wenzangu wawili. Mtambo ulichukua miaka miwili kufika. Katika miaka hiyo unyevu wa pwani haukungoja. Kanda nyingi zilishikana, na za sauti za bibi mmoja mtunzi wa Lamu, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezisikiliza nusu tu, hazikufunguka tena. Mzee alistaafu kabla ya mtambo kuwasili.

Kwa sababu hiyo nina upendeleo, na msomaji aujue. Lakini upendeleo wangu hapa unakutana na kizuizi, maana historia ya karakana ya Kyoto haikuishia katika vivuli vinne. Mwaka 1995 Yokoi alitoa Virtual Boy, kifaa cha kutazamwa kwa kuinamisha uso ndani yake, kilichoonyesha dunia yenye kina, kwa rangi nyekundu tupu juu ya weusi. Macho yaliuma, shingo ilichoka, na kifaa kilikuja na maonyo kwa watoto na ushauri wa kupumzika mara kwa mara. Viliuzwa vipatavyo 770,000, na chini ya mwaka mmoja kampuni ikaviacha.

Wapo wasemao kwamba hapo Yokoi aliusaliti msemo wake mwenyewe, akakimbilia ufundi mbichi. Sikubaliani nao. Taa zile nyekundu zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa za bei ndogo kuliko rangi nyingine. Vioo vidogo vinavyotikisika vilitokana na ubunifu wa kampuni ya Marekani ambayo makampuni mengine yalikuwa yameikataa. Ni kanuni ile ile: cha rahisi, kilichodharauliwa, kikapelekwa kando. Kanuni haikuvunjwa, haikutosha. Kilichokosekana ni yule mtu wa katika treni. Game & Watch ilianza kwa kumtazama mtu aliyechoka, mikono yake, haya zake, majirani zake. Game Boy ilianza kwa kujua mfuko wa mtoto na mshahara wa baba yake. Virtual Boy ilianza kwa kuutazama mtambo, na mtu akaitwa baadaye, akaambiwa ainame. Hakuna aliyeonekana na haja ya kuziba macho yake asione wenzake. Ubao mkavu nao haufai ikiwa mlango umepimwa bila kumpima mwenye kupita. Na kamati ile niliyoisema, nikiwa mwadilifu, haikukosea kwa kupenda kipya. Ilikosea kwa kutouliza nani atakishika na lini.

Tarehe 15 Agosti 1996 Yokoi aliondoka Nintendo, baada ya miaka 31. Magazeti yaliandika kwamba alifukuzwa na aibu. Yeye alisema kwamba alikuwa amekusudia siku nyingi kujitegemea akifika umri wa miaka hamsini na kitu, na kwamba alitaka kwanza kukamilisha Game Boy ndogo zaidi, iliyotoka mwezi mmoja kabla. Akaanzisha karakana yake, Koto, akaanza kubuni kifaa kwa ajili ya kampuni ya Bandai. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa katika gari lililogongana kidogo na jingine barabarani. Akashuka kutazama, na gari la tatu likamgonga. Alikuwa na miaka 56. Kifaa alichokiacha, WonderSwan, kilitoka mwaka 1999, bila rangi, chenye kwenda kwa betri moja tu, na mmoja wa michezo yake ya kwanza ulipewa jina lake, Gunpey.

Idara ya Kwanza iliendelea bila yeye, chini ya Takehiro Izushi. Okada alikwenda kuongoza idara ya mitambo ya kushika mkononi, na kutoka huko vikaja Game Boy Advance ya mwaka 2001 na DS ya mwaka 2004, ambayo ilikuwa na vioo viwili na ilikunjwa kama kitabu. Tanaka alihamia kampuni nyingine. Waliobaki walizidi kuwa watundu. Hiroji Kiyotake, aliyechora Samus, alikuwa amemchora pia Wario, mwovu mwenye pua nyekundu na mapenzi ya fedha, na mwaka 2003 idara ilitoa kwa jina lake mkusanyiko wa michezo ya sekunde chache: chomoa, ruka, piga chafya, shika fimbo inayoanguka, kila mmoja ukiisha kabla hujauelewa. Watu waliolelewa na vioo vya vikokotoo ndio pekee, nadhani, ambao wangeweza kuona kwamba mchezo wa sekunde tano ni mchezo mzima.

Miaka miwili hivi baadaye idara ikavunjwa. Mkuu mpya, Satoru Iwata, aliyeshika madaraka mwaka 2002, alipanga upya sehemu zote za ubunifu; watu wa Yokoi wakagawanywa katika idara zenye majina mengine, na mashindano yale ya mitaa yakaisha. Yoshio Sakamoto, aliyekuwamo katika Metroid ya mwaka 1986, alikuwa bado akimwongoza Samus mwaka 2021, safari hii pamoja na karakana ya Hispania. Mwezi wa Oktoba 2024 kampuni ilifungua makumbusho mjini Uji, kusini mwa Kyoto, katika jengo la kiwanda lililokuwa likitengeneza karata na vitu vya kuchezea. Wageni hulipa kiingilio. Humo hushikana mikono wakapimwa mapenzi, hulenga shabaha kwa mwanga, na kwa vijiti vilivyopishana kama mkasi hujaribu kushika mipira inayopita mbele yao, nao wengi huikosa.